Historia ya Dakika Ishirini, Aliyekataa Kuandika Sifuri

Ndugu waombolezaji, mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Dakika Ishirini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika makazi ya wafanyakazi wa reli, nyumba ya tatu kutoka karakana, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972 na sekondari mwaka 1976, akasomea uuguzi, na mwaka 1984 akahitimu kozi ya dawa za usingizi na ganzi. Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na baba yetu, fundi saa, wakajaliwa watoto watatu, na wote tuko hapa.

Jina lile alipewa katika chumba cha upasuaji, kwa kuwa akishachoma ganzi kwenye mshipa wa fahamu hakumruhusu mtu kushika kisu kabla ya dakika ishirini kwisha, na daktari mmoja alipomlalamikia, "Mama, utatuua njaa," alimjibu, "Nenda kale, mguu si wako."

Mwaka 2015 hospitali ilianza utafiti wa ganzi mpya, naye akawekwa kusimamia kadi za maumivu, sifuri hadi kumi. Kiongozi wa utafiti aliagiza kwamba mgonjwa aliyenyamaza aandikwe sifuri, asiulizwe. Tarehe 9 Februari 2017, marehemu alimfunua mzee aliyepasuliwa goti, akakuta shuka limetafunwa hadi kutoboka, lina damu ya ufizi, na kadi inasema sifuri, na alipomuuliza mbona alinyamaza, mzee akasema, "Mwanangu, mapokezi walituambia anayepiga kelele anarudishwa nyumbani." Akapita kitanda kwa kitanda, akawauliza wagonjwa arobaini na mmoja, akapata saba, nane, tisa, akaziandika kwenye kadi mpya. Kiongozi aliletewa kadi hizo akawa anamenyea chungwa juu ya kadi zenyewe, akasema, "Dada, usituharibie kazi, tia sahihi tu kwenye zile za sifuri." Hakutia. Walimhamishia stoo ya mashuka hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2018.

Januari 2019 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na mwanafunzi wake wa zamani akamchoma dawa ya kuzuia mishipa ya fahamu nyuma ya tumbo, akapata nafuu ya wiki sita. Mwezi Mei ripoti ya utafiti ule ilichapishwa na sifuri zake zote, jina la mama likiwa la pili kutoka juu kati ya waandishi wake. Aliisoma kitandani, akaomba beseni, kisha akaomba kalamu. Alifariki nyumbani tarehe 11 Agosti 2019, saa nne asubuhi.

Tunamshukuru mwanafunzi huyo na madaktari wenzake, majirani waliomgeuza kitandani kwa zamu, na wauguzi wa chumba cha upasuaji. Idara ya utafiti nayo imeleta shada la maua, tumeliacha nje ya geti, na tunaomba asitokee mwema wa kuliingiza ndani. Barua ya kutaka jina lake lifutwe kwenye ripoti, aliyoiandika kwa mkono wake, inapelekwa kesho asubuhi, ikiwa na sahihi zetu watatu chini ya sahihi yake.

Lala, mama, jina lako tutalitoa mle.