Mkono wa Mzee Selotepu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi wetu wa maabara ya minyoo wa bahari anatimiza miaka thelathini na mmoja kazini na kustaafu. Mnamjua kama Mzee Selotepu. Wengi, tuseme ukweli, mnamjua kwa mgongo tu, akipita koridoni na ndoo yake ya maji ya chumvi.

Alianza kwa kuosha matangi. Mwaka wa tatu akashika hadubini na hakuiachia tena. Kazi yake imekuwa aina moja ya mnyoo, mpole wa kutazama, mwenye vishungi vyeupe vya vinyweleo ubavuni. Ukimwacha, vinyweleo vyake hujikunyata. Ukimgusa, huvichomoza vyote kwa mpigo. Kila kinyweleo kina chokaa na huvunjika upesi. Kikishaingia mwilini hukatikia humo, na ngozi huwaka moto. Iwapo sumu hutoka ndani yake au imekaa juu yake kwa nje, wataalamu bado wanabishana. Mzee alikata maelfu ya vinyweleo akitafuta tundu la kupitishia sumu. Hakuliona, akaandika “sijaliona” badala ya “halipo”. Ndivyo alivyo.

Jina la utani lilitokana na huduma yake ya kwanza: ukichomwa usijisugue, bandika selotepu kisha ibandue, vinyweleo vitoke nayo. Alikwenda nayo hata kwenye harusi ya binti yake, na inasemekana iliokoa pindo la gauni. Binti huyo sasa anaishi mbali, mama yake hayupo tena duniani, na mzee hula chakula cha mchana peke yake kando ya tangi la nne. Nimewahi kumsikia akiwapa minyoo habari za mjukuu wake.

Miaka kumi na miwili iliyopita, kitasa cha ofisi kuu kilichoma watu saba asubuhi moja, mkurugenzi akiwa wa kwanza. Mtu alikuwa amefungua mlango bila kuvua glavu za maabara zilizojaa vinyweleo. Hadi saa sita katibu muhtasi alikuwa akipokea simu kwa kiwiko. Ilipoulizwa ni nani, mzee alisema ni yeye.

Tangu siku hiyo hakuna anayempa mkono. Mwanzoni ulikuwa mzaha, tukacheka mwezi mzima. Kisha waajiriwa wapya wakaupokea kama kanuni ya jengo. Mnampungia kutoka mlangoni, naye huweka mikono nyuma kabla hamjafika, ili msione haya.

Glavu zile zilikuwa zangu. Nilikuwa na wiki mbili kazini, bado kwenye kipindi cha majaribio. Nilipotaka kwenda kukiri alinizuia. “Wewe bado wanakupima, mwanangu,” alisema. “Mimi watanizoea.”

Hawakumzoea, nami nilinyamaza miaka yote hiyo nikiwa meza ya pili kutoka kwake. Naona aibu kuliandika hili kwenye jarida la wafanyakazi, lakini nisipoliandika leo ataondoka nalo.

Mzee wetu, asante kwa kazi yako na kwa kunibebea kosa langu. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na nyumba yenye wageni.

Nanyi wenzangu, sherehe ni saa nane, ukumbi wa chini. Kabla ya keki, pangeni foleni mumpe mkono. Mimi nitatangulia. Huenda akasita kuutoa. Msubirini.