Ngatia Kirubi, Aliyeshika Msumeno Upande wa Chini

Mzee Ngatia Kirubi alizaliwa tarehe 17 Mei 1951 katika kijiji cha Kagere, Othaya, akiwa kifungua mimba wa marehemu Kirubi na marehemu Watiri. Alifuatwa na mdogo wake mmoja tu, Gathogo, ambaye ndiye mimi ninayewasomea. Kamati ya mazishi iliniomba nisijitie sana ndani ya wasifu huu. Nimejaribu, imenishinda.

Alisoma shule ya msingi ya pale kijijini hadi darasa la saba, mwaka 1966. Mtihani aliupita. Lakini baba yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumbani alikuwa ametuachia mama, mdogo wa miaka kumi na mmoja, na msumeno wake mrefu wa kupasulia mbao, ule unaoshikwa na watu wawili. Ngatia alikunja sare yake vizuri akaiweka. Baadaye niliivaa mimi.

Alianza kupasua mbao na mjomba mwaka 1967, na mwaka 1971 akanichukua mimi. Kwa wasioijua kazi hiyo, gogo hulazwa juu ya shimo. Mmoja husimama juu akifuata mstari. Mwingine huingia shimoni akivuta msumeno kwenda chini, na unga wote wa mbao humwangukia yeye, machoni na puani. Desturi ya wapasuaji ni kwamba mkubwa hukaa juu. Siku ya kwanza kaka aliniambia nipande, akasema macho yangu yanauona mstari kuliko yake. Jamani, nilivimba kichwa. Kwa miaka ishirini na minane, mpaka mashine zilipotunyang'anya kazi mwaka 1999, niliwasimulia watu sokoni na harusini jinsi kaka yangu mkubwa alivyokubali kukaa chini yangu. Yeye alikuwa akicheka tu, huku akipangusa kope.

Mbao ndizo zilizomfikisha Kagio, tulikopeleka za kutengenezea meza za soko. Huko alimpata Waithira, aliyekuwa akiuza nyanya. Walifunga ndoa kanisani tarehe 2 Desemba 1978. Wakiwa mbele ya mchungaji, Waithira aliona unga wa mbao ungali masikioni mwa bwana harusi, akautoa kwa ncha ya leso, na kanisa zima likangoja. Mungu aliwajalia watoto wawili, Watiri na Kirubi. Alipoacha msumeno alilima chai, akawa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa, na sikumbuki mgonjwa wa Kagere ambaye hakumtembelea.

Kikohozi alikuwa nacho tangu zamani, nasi tulikizoea kama tulivyoizoea sauti yake. Novemba 2024 kilimlaza hospitalini mjini Nyeri. Nilitoka kwangu Ruring'u nikakaa naye. Daktari alitazama picha ya mapafu, akauliza mzee alifanya kazi kwenye vumbi miaka mingapi. Nikajibu mimi: zaidi ya thelathini. Ndipo nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Daktari alipotoka, nilimuuliza kaka kwa nini hasa aliniweka juu.

"Mama aliniambia kifua yako iko na pumu," akasema. "Sasa ningekuweka kwa shimo ukufe?"

Nikamuuliza mbona hakuniambia miaka yote hiyo.

"Ungekataa kupanda. Na hiyo ya macho haikuwa uongo, Gathogo. Mimi peke yangu ningepasua mbao kombo."

Nililia, mzee mzima wa miaka sitini na tisa. Nilimwomba msamaha kwa majigambo yangu yote. Akasema alikuwa akiyasikia akiwa shimoni, na yalikuwa yakimpunguzia uchovu.

Alilala katika Bwana Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, Waithira akiwa amemshika mkono.

Tangu siku hiyo nimewaza sana. Mungu angeweza kumpa mtu mmoja macho mazuri na kifua kizuri pia. Sisi alitugawia, mmoja hiki na mwingine kile, halafu akatupa mama mmoja ili tusitafutane mbali. Sasa kifo kimetutenganisha, na sitawadanganya kwa kuwa nasimama kando ya mchungaji. Inauma sana. Lakini naamini tutaonana.

Ameacha mjane wake, Waithira, watoto wake, Watiri na Kirubi, wajukuu watano, na mdogo wake.

Jeneza mnaloliona ni la mti wa mukima uliokua mpakani mwa kahawa ya baba. Gogo lake kaka alilihifadhi nyuma ya nyumba miaka mitatu iliyopita, bila kutuambia ni la nini. Fundi Shakir wa Majengo, mteja wetu tangu ujana, ndiye aliyeliunda jeneza. Mbao tulizipasua nyumbani Jumatano, kwa msumeno wa baba. Watiri alipanda juu kufuata mstari. Watu wote walinikataza, lakini nilishuka shimoni. Unga ulinijaa machoni, kifua kikabana, na baada ya ubao mmoja ikabidi Kirubi anipokee. Ubao huo mmoja ndio wa chini. Ndio aliolalia.

Kaka, leo tunakushusha shimoni kwa mara ya mwisho. Pumzika. Safari hii Bwana mwenyewe ndiye atakayekupandisha juu.