Mama Tikisa Anaaga Kaunta ya Helmeti

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, mwenzetu wa kaunta ya helmeti, yule tunayemwita sote Mama Tikisa, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Mimi wa kitengo cha majaketi nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake, nadhani kwa sababu kaunta zetu zimetazamana miaka kumi na moja na hakuna alilolisema lisilonifikia. Sauti yake si ya kunong'ona.

Aliingia dukani akiwa mshonaji. Alipewa cherehani na kiti kibovu katika chumba cha nyuma, akawa anabadilisha zipu na kuziba makoti ya mvua ya waendesha skuta. Huko, kwa kutazama nguo zilizoletwa baada ya watu kuanguka, alijifunza mambo ambayo sisi wengine tuliyasoma kwenye vipeperushi. Alijua kiwiko ndicho hutangulia kuchanika, kisha goti, kisha nyonga. Alijua anayeanguka huweka kiganja chini kabla hajafikiri, ndiyo maana mpaka leo hamwachi mteja atoke na helmeti bila kumwonyesha glavu.

Mwaka wa tano alihamishiwa mbele, na huko ndiko alikopatia jina. Mteja akishavaa helmeti, Mama humfunga mwenyewe kamba ya kidevu, anarudi nyuma hatua moja na kusema, "Haya, tikisa kichwa, mwanangu. Tikisa kama unayekataa posa." Helmeti ikicheza, inarudi rafuni, hata mteja akiipenda vipi. Karani mmoja alitaka nyeupe ifanane na skuta yake, nayo ilimpwaya mpaka puani. Walibishana nusu saa. Akaondoka na ya kijivu iliyomkaa sawasawa, akiiita sufuria njia nzima hadi mlangoni. Wiki iliyofuata alirudi na mkewe na mama mkwe, na mama mkwe akaamriwa afungue kilemba kwanza.

Lakini ninalotaka hasa liandikwe ni la miaka tisa iliyopita. Uliletwa mzigo mpya wa helmeti, zinang'aa kama vyombo vya harusi, kila moja na stika yake ya ubora. Mama alitoa bitana ya moja, akabonyeza sponji ngumu ya ndani kwa kidole gumba. Ikamomonyoka kama mkate uliokauka. Stika ikabanduka kwa ukucha. Akamwambia mwenye duka wa wakati ule kwamba yeye hatazipanga rafuni.

"Wewe ni mshonaji, Mama," bosi alimjibu mbele yetu. "Ubora waachie waliousomea."

Siku hiyohiyo alipelekwa stoo kupanga buti, huku makasha ya helmeti yakisubiri wiki ya ofa. Kila asubuhi alitusalimia mmoja mmoja, kisha akashuka ngazi. Mara moja nilimkuta akijifuta macho kwa mkono wa blauzi. Sikumwambia kitu. Niliogopa kupoteza kazi yangu, na leo nakiri hivyo kwa maandishi.

Siku moja kabla ya ofa nilikuwa stoo nikitafuta majaketi, bosi akashuka. Binti yake alikuwa amepata skuta ya kuendea chuo.

"Mama, nichagulie helmeti nzuri ya binti yangu."

Mama aliyaonyesha makasha. "Zimejaa hapo, bosi. Chukua yoyote." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu aliyechoka.

Bosi alifungua kasha, akatoa helmeti, akaivua bitana na kubonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Ikamomonyoka, vumbi la sponji likamjaa kiganjani.

"Sasa binti yangu avae nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mlete. Siwezi kupima kichwa cha mtu asiyekuwepo."

Makasha yalirudishwa yalikotoka, halikubaki hata moja. Kwenye kikao cha asubuhi bosi alimwomba Mama radhi mbele ya wafanyakazi wote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, yameisha," kisha akaomba apewe kiti chenye egemeo. Akapewa. Binti alikuja Jumamosi, akapimwa helmeti tatu, akatikisa, akaenda chuo.

Tangu hapo hakuna helmeti inayopanda rafuni bila Mama kuibonyeza. Amefundisha wauzaji wanane, nami nikiwemo, kwamba jaketi hupimwa mteja akiwa ameketi na mikono mbele kana kwamba ameshika usukani, na kwamba buti isiyofunika kifundo cha mguu ni kiatu cha kwendea dukani.

Mama, asante kwa ukali wako, na kwa chai uliyotumiminia baada ya kila ukali. Mume wako na wajukuu sasa wakufaidi wao, nawe uzifaidi siku zako kwa afya na vicheko. Kamati ya kumuaga ilipomuuliza Mama anataka zawadi gani, alijibu kwamba anataka kulala mpaka saa tatu asubuhi siku ya Jumatatu. Kwa hiyo tunaombana sote, tafadhali sana: Jumatatu mtu yeyote asimpigie simu, hata kama kuna mteja amekwama ndani ya helmeti.