Kisu Mdomoni na Homa Isiyoisha

Bwana asifiwe, wapendwa. Mchungaji ameniomba ushuhuda wa furaha. Furaha tutaifikia, lakini mnivumilie kwanza, kwa sababu bado nina hasira.

Mnanijua. Ni mimi wa matumbo pale Mbotela. Asubuhi naenda soko la nyama la Burma kuchukua matumbo mabichi, nayaosha, nayakata, nayachemsha, na saa kumi wateja wanapanga foleni. Watoto wangu watatu wamelelewa na matumbo hayo.

Basi homa ikaanza. Jioni natetemeka, asubuhi shuka limelowa jasho, kiuno na magoti yananiuma kama nyanya mzee. Kliniki wakasema malaria. Nikameza dawa, homa ikarudi. Wakasema taifodi. Nikameza, ikarudi tena! Ndugu zangu, nawaambia, nilimeza vidonge hadi chai ikawa chungu mdomoni. Na jirani mmoja, simtaji, akaanza kuwanong'onezea wateja wangu kwamba nimeisha.

Mwishowe daktari mmoja, mama mpole, akapima damu vizuri. Brusela, ugonjwa wa mifugo. Akanipa sindano, na vidonge vya wiki sita. Sikuruka hata kimoja. Nikapona, nikarudi kazini nikiimba. Baada ya miezi mitatu, homa hiyo hapo mlangoni.

Nilimrudia nikiwa moto. "Daktari, hii dawa yenu ni ya nini? Kwani imeshindwa na kidudu?"

"Mama, huyo mdudu ni mjanja," akasema. "Zile seli askari wa mwili zikimmeza ili zimuue, yeye anageuza humo kuwa nyumba. Dawa inazunguka nje kwa damu, ndani inafika kidogo tu."

Akanieleza kuna watafiti wanaofunga dawa ndani ya vitone vya mafuta, vidogo hata jicho halivioni. Vinaitwa liposomu. Seli inavimeza yenyewe, na dawa inaingia hadi pale mdudu amejificha. Mimi mafuta nayajua, hata ini nalifunga kwa utando wa mafuta kabla ya kulichoma. Nikamwambia, "Haya, nipe hiyo."

"Bado, mama. Kwa ugonjwa wako bado wanajaribu kwa panya."

Kwa panya! Yaani panya ametangulia foleni na mimi niko hapa nje na magoti yangu. Nililia pale kwa hasira, na sioni haya kusema.

Nikaanza wiki sita upya. Siku moja daktari akapita kibandani kunijulia hali. Mikono yangu yote miwili ilikuwa ndani ya tumbo bichi, naligeuza, na kisu nimekishika kwa meno. Naona watu wa Burma mnacheka. Mnacheka nini, si hata nyinyi mnafanya hivyo?

Yeye hakucheka. "Mama, toa hicho kisu mdomoni. Umefanya hivi tangu lini?"

"Tangu nianze kazi. Nimefunzwa na mama yangu."

"Hata ulipokuwa unameza dawa?"

Nikakitazama kile kisu. Pengine mdudu alibaki amejificha, pengine nilikuwa namlamba mpya kila asubuhi. Yeye mwenyewe hakuweza kuapa. Lakini nilikuwa nimetukana kliniki, dawa na jirani, na kisu kiko kwa meno yangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Leo ni mwaka mzima bila homa. Namshukuru Mungu. Namshukuru huyo daktari aliyevumilia mdomo wangu. Namshukuru wifi yangu aliyeshika kibanda, na akina mama wa kikundi hiki mliowapikia watoto wangu.

Hiyo liposomu ikifika, mniite, nitakuwa wa kwanza kwa foleni. Kwa sasa maliza dawa yako, vaa glavu, na kisu kitafutie msumari ukutani. Kesho asubuhi niko Burma. Nikikuta mmoja wenu amekishika kwa meno, nitakitoa mwenyewe.