Mwalimu Gideon Kiplimo Cheluget (1955–2025) na Kile Kipande Kisicho na Mbolea

Mwalimu Gideon Kiplimo Cheluget alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 huko Soy, mwana wa marehemu Mzee Wilson Cheluget na marehemu Mama Naomi. Mamake alikuwa akisema mtoto huyu aliuliza swali kabla hajatembea, na kwa vile hakujibiwa, akaendelea tu.

Alianza shule ya msingi hapa Soy mwaka wa 1963, akasoma sekondari Eldoret, na mwaka wa 1979 akahitimu digrii ya falsafa jijini Nairobi. Kijiji kilikuwa kinamngojea arudi daktari. Mzee Wilson alipoulizwa mwanawe amesomea nini, alijibu, "Amesomea kuuliza. Na hiyo alikuwa nayo hapa nyumbani bure."

Alifundisha historia katika sekondari kadhaa za Uasin Gishu. Kuanzia 1994 hadi alipostaafu 2015, alifundisha katika chuo kimoja mjini Eldoret utangulizi wa falsafa ya sayansi na ya masomo ya kibinadamu. Lilikuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa hivyo lilipendwa vile vitu vya lazima hupendwa. Yeye aliwauliza, "Ungejuaje kama umekosea?" Wao wakamuuliza, "Mwalimu, hii itakuja kwa mtihani?" Miaka yote hiyo, hakuna upande uliowahi kuujibu mwingine. Alikuwa akifika nyumbani amekasirika, anakunywa chai akiwa amesimama.

Tarehe 20 Agosti 1983 alimuoa Priscah Jepkoech, mwalimu wa nasari kutoka Kaptagat. Walijaliwa Kevin na Purity. Walijaliwa pia shamba la mahindi, na hapo ndipo uvumilivu wa Priscah ulipopimwa. Kila msimu Mwalimu aliacha kipande kando ya barabara bila mbolea, apate cha kulinganisha na lile shamba lingine. Kipande kilikuwa manjano, na wapita njia wakamhurumia Priscah.

Mwaka wa 2001 jirani yao Mzee Mungai alishindwa kuvumilia aibu hiyo. Aliamka mapema, akakimwagia kile kipande mbolea yake mwenyewe, kimya kimya. Mahindi yakawa sawa shamba zima. Mwalimu akatangaza darasani kwamba mbolea ni porojo, na msimu uliofuata hakununua hata kidogo. Walivuna mabua. Hapo Mungai akaja.

"Mwalimu, ile ilikuwa mimi. Nilikuonea huruma."

"Mungai, umeniharibia ukweli."

"Nilikupea mahindi. Ukweli nayo utakula na sukuma?"

Mwalimu hakumsemesha wiki nzima. Kisha alirudi darasani akawaambia wanafunzi alikuwa amekosea, na jinsi alivyojua. Inasemekana hiyo ndiyo siku pekee waliyoandika bila kuuliza kuhusu mtihani.

Januari 2024 chakula kilianza kumkwama kooni. Priscah alimchemshia dawa ya miti kutoka kwao Kaptagat kwa wiki chache, halafu wakaenda hospitali. Ilikuwa saratani ya umio, na alitibiwa kwa mionzi. Agosti akapata nafuu, akala ugali, na hapo waliomponya wakajitokeza. Dada yake mdogo, Eddah, alikuwa amefunga na kuomba. Mzee Mungai alikuwa ameleta uji wa wimbi. Madaktari walikuwa na mashine zao. Mwalimu akanung'unika, "Nimeponywa na watu wengi mpaka sijui nimshukuru nani."

Juni 2025 ugonjwa uliporudi, wote waliomponya walinyamaza. Wa kulaumiwa akapatikana haraka, tena mmoja tu: Priscah na sufuria yake ya dawa. Tunaliandika hili kwa sababu bado linasemwa, hata kwenye kundi la WhatsApp la kupanga mazishi haya. Eddah alilisema pale kitandani, Priscah akisikia.

"Ndugu yangu, ungeenda hospitali moja kwa moja saa hii umepona."

"Eddah, ungejuaje kama umekosea?"

"Si saa ya darasa, Gideon."

"Mahindi nina kipande cha kulinganisha. Mimi niko mmoja. Nitafutie Kiplimo mwingine, mgonjwa hivi hivi, ambaye hakunywa hiyo dawa, tumuulize anaendeleaje. Kama huna, wacha mke wangu."

"Sasa watu wakiuliza tutasema nini?"

"Semeni kilichofanyika. Kitu cha mara moja hakipimwi, kinasimuliwa. Hiyo pia ni elimu, na ina sheria yake: usiongeze."

Basi kilichofanyika ni hiki. Priscah alimpeleka kila kliniki. Alimsagia chakula mpaka kikawa kama maji, akamlisha kwa kijiko. Alimsomea gazeti huku akibishiwa kila habari. Mwezi wa Aprili mwaka huu, Mwalimu akiwa bado hana nguvu, alisimamia upanzi peke yake, akakiacha kile kipande bila mbolea, ingawa amekichukia tangu aolewe. Kiko nyuma ya mahema, hakijavunwa. Tafadhali msikikanyage. Mwalimu alifariki nyumbani Soy, Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, Priscah akiwa amemshika mkono. Hatuongezi.

Ameacha mjane, Mama Priscah, watoto, Kevin na Purity, wajukuu, dada yake Eddah, ambaye aliyasoma haya yote, akasema yachapishwe, na jirani yake Mzee Mungai, ambaye anaombwa akae mbali na kile kipande.

Apumzike kwa amani. Hilo hatuna cha kulilinganisha nalo, tunamwombea tu.