Marehemu Mzee Tulia na Picha Zake za Mbali

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1957, katika kota namba kumi na saba nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili wa fundi mitambo na mkewe. Wa pili ni mdogo wake wa kike, ambaye ndiye aliyeuandika wasifu huu na ndiye anayeusoma, kwa sababu wengine walioombwa walikataa. Mkunga alisema mtoto hakulia. Alifumbua macho tu, akawa anamtazama mtu mmoja mmoja chumbani, kana kwamba anatafuta nani amemkosea. Mama yao aliipenda sana hadithi hiyo na aliisimulia huku akicheka. Mdogo wake hajawahi kuona cha kuchekesha hapo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya wavulana kuanzia 1971 hadi 1974. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mkia. Kilichomtofautisha na wenzake ni kwamba alijua kutulia. Mwaka 1973 mpiga picha alikuja shuleni kupiga picha za vitambulisho, na mwalimu mkuu akamchagua marehemu ashike shuka jeupe nyuma ya wenzake. Alilishika tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, mikono juu, wanafunzi mia mbili na kumi wakapita mbele yake, na shuka halikutikisika. Jioni ile mama yake alimlisha kwa kijiko, maana mikono ilikuwa haikunjiki. Katika vitambulisho vyote vya mwaka ule, ukiangalia vizuri pembeni, utaona ncha za vidole viwili. Ni vyake. Yeye mwenyewe alisahauliwa, hakupigwa picha. Tangu siku hiyo aliamini kwamba mtu asiyeweza kutulia hakulelewa.

Tarehe 1 Februari 1976 aliajiriwa katika studio ya picha kwenye mtaa wa mafundi cherehani, kati ya duka la vifungo na kibanda cha kupiga pasi. Alianza kwa kufagia, akapandishwa kuosha picha kwenye chumba cha giza, kisha akakabidhiwa kamera. Mwaka 1984 alifungua studio yake mwenyewe, mlango wa tatu kutoka pale pale. Mteja aliyeketi kwenye kiti chake alisikia neno moja tu, "Tulia!", na jina likamganda. Watoto walilia, wazee walishika pumzi hadi wakakohoa, na picha zikatoka kali kama wembe. Haki yake apewe: alikuwa fundi. Mzee mwenye ile studio ya kwanza alipofunga kazi mwaka 1989, alimwachia lenzi nne za chuma, nzito, za kuzungushwa kwa mkono, kila moja kwenye mfuko wake wa ngozi. Marehemu alizipenda lenzi hizo kuliko alivyopenda watu. Hasengenywi hapa, alilisema mwenyewe mbele ya watu. "Lenzi hainijibu," alisema.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye leo ni mjane wake. Walijaliwa binti mmoja, mwaka 1988. Mjane ni mtu wa maneno machache na macho makali. Nguo ikipwaya upana wa uzi anaiona kutoka mlangoni. Lakini hakuwa mtu wa kutulia mbele ya kamera. Alipepesa macho, aliinamisha shingo, alishika kitambaa chake. Mumewe alimgeuza kuwa mchezo wa studio. Wateja wakija, alitoa picha zake zilizoharibika akawaonyesha, wakacheka, na yeye yuko pale pale anatia uzi kwenye sindano. "Huyu mnayemwona," alikuwa akisema, "hata siku ya kunizika atatikisika, aniharibie picha." Aliisema miaka na miaka. Wengi mliosimama hapa leo mliisikia, na wengi wenu mlicheka.

Filamu zilipoadimika na wapiga picha wote wa mtaani wakahamia kamera za dijitali, marehemu aligoma kwa miaka mitano. Mwishowe, mwezi Juni 2011, alinunua kamera ya dijitali ya mtumba. Ilikuwa rahisi kwa sababu kioo chake cha nyuma kilikuwa kimekufa. Ukipiga picha huioni mpaka ufike nyumbani uiweke kwenye kompyuta. Yeye hakujali, enzi za filamu alikuwa hazioni vilevile. Alichotaka ni lenzi zake nne zipate mwili mpya. Muuzaji alimpa pete ya chuma ya kuunganisha lenzi za zamani na kamera hiyo, akaifunga, ikakaa, na siku hiyo marehemu alirudi nyumbani akipiga mluzi. Mdogo wake hakuwa amemsikia akipiga mluzi tangu wakiwa watoto.

Picha za kwanza zilikuwa za karibu, uso wa mteja kitini, hatua mbili tatu. Zilitoka nzuri ajabu. Kisha ikaja harusi ya binti yake, tarehe 17 Desemba 2011.

Marehemu alitangaza kwamba siku hiyo kamera itakuwa moja tu. Alisimama mlangoni mwa ukumbi na kapu la nguo, kila aliyeingia akaweka simu yake humo, hata bwana harusi. "Harusi ya mtoto wangu haipigwi na vikopo," alisema. Alipiga picha mia tatu. Za mbali alizipiga kama alivyofundishwa: unazungusha lenzi hadi mwisho, kwenye ile alama ya nane iliyolala, unatulia, unabonyeza. Binti akiingia ukumbini, mbali. Ukoo mzima kwenye ngazi, mbali. Mama yao mzazi, miaka themanini na miwili, ameketi peke yake chini ya dirisha na nguo yake mpya, mbali pia, kwa sababu aliomba asisumbuliwe.

Jumatatu walikusanyika mbele ya kompyuta. Zile za karibu zilikuwa safi, kumi na moja kwa jumla, na saba kati yake ni za keki. Nyingine zote zilikuwa ukungu mtupu. Bibi harusi alikuwa doa jeupe.

Nyani haoni kundule. Marehemu alimgeukia binti yake. "Mlitikisika," alisema. "Wewe hasa. Siku ya harusi yako unajirusharusha kama kuku aliyekatwa kichwa. Umerithi kwa mama yako."

"Baba, hata ngazi imetikisika?" binti aliuliza. "Hata ukuta?"

"Toka kwangu."

Binti alitoka, na hakurudi katika nyumba ile kwa miaka kumi na moja. Mama yao mzazi alifariki tarehe 8 Januari 2012, siku ishirini na mbili baada ya harusi. Picha yake ya mwisho ni ile ya chini ya dirisha, na haina uso. Mdogo wa marehemu alipomlilia kaka yake kuhusu picha hiyo, alijibiwa hivi: "Mama alikuwa anatetemeka. Ningefanyaje, nimfunge kamba?" Mdogo wake hajalisamehe neno hilo, na kaburi hili halijabadilisha kitu.

Sasa yafuatayo hayajulikani na wengi.

Mwezi Agosti 2014 mkanda wa kamera ulikatika, na mjane akatumwa kuipeleka kwa fundi kamera wa uchochoroni. Fundi aliishika, akaigeuza, akachungulia. "Mama, hii pete ni nene," alisema. "Imezidi kama unene wa kadi ya simu. Lenzi imekaa mbali na kamera kuliko inavyotakiwa. Cha karibu utakiona, ila kikivuka hatua nne, basi. Huwezi kupata cha mbali hata ufanye nini."

"Hata watu wakitulia?"

"Hata wakiwa sanamu. Niachie nusu saa niisugue, itapona."

Asubuhi ya siku hiyo marehemu alikuwa ameirudia ile kauli yake ya kaburini mbele ya wateja sita, na mmoja alicheka hadi akajipigapiga mapaja. Mjane alimtazama fundi, akamwambia, "Usiiguse. Shona mkanda tu."

Akairudisha kamera nyumbani, akaiweka mahali pake, akaendelea na cherehani.

Kuanzia hapo marehemu aliharibu harusi za watu, mahafali, misiba. Aliwafokea wote. Wateja wakapungua, lakini hilo siyo lililomla. Kilichomla ni kwamba ndani kwa ndani aliacha kuamini kwamba watu wanatikisika. Akaanza kuyashuku macho yake, maana hata akichungulia kwenye kidirisha cha kamera aliona ukungu. Mwaka 2017 alikwenda kwa daktari wa macho bila kumwambia mtu. Daktari alimwambia ana macho ya kijana. Hakuamini, akaenda kwa wa pili, kisha wa tatu, akatukana wote. Akajinunulia miwani mizito njiani, na hiyo ikamtia ukungu wa kweli. Mwaka 2019 alifunga studio. Kila asubuhi alikaa bila miwani kwenye baraza la cherehani ya mkewe, akisoma bango la duka la vifungo lililo ng'ambo ya barabara, neno kwa neno, hadi herufi ndogo za chini, bila kukosea. Kisha anatikisa kichwa. "Nimelikariri tu," anasema. Mkewe alikuwa hatua mbili kutoka pale, anapinda mikono ya mashati.

Tarehe 2 Februari 2023 marehemu alilazwa, wodi ya wanaume, kitanda namba tisa, kwa maradhi ya figo. Mwezi Aprili alijua hatatoka. Jioni moja alimshika mkewe mkono, jambo ambalo mkewe anasema hakumbuki lilifanyika lini kabla ya hapo.

"Mama, niambie kweli," alisema. "Zile picha. Mlitikisika ninyi, au macho yangu?"

Miaka karibu tisa mkewe alikuwa na jibu. Angeweza kusema: ni pete. Maneno mawili, na mtu afe akijua kwamba hakuwa kipofu. Akamjibu, "Ni macho yako, baba."

Marehemu alilia. Kisha akasema, "Mpigie mtoto simu. Mwambie hakutikisika. Mwambie ni baba yake hakuona, anisamehe." Binti alikuja siku iliyofuata, akakaa kwenye ukingo wa kitanda namba tisa hadi mwisho. Ndiyo mara pekee katika maisha yake marehemu aliomba radhi, na aliiomba kwa kosa ambalo halikuwa lake. Alifariki tarehe 11 Mei 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Jumamosi, mdogo wake alikuwa anatafuta vifungo vya shati la kumvalisha marehemu. Katika kopo la vifungo akakuta ile pete, ambayo mjane aliifungua kwenye kamera studio ilipofungwa, akauliza ni nini. Mjane alikuwa anapiga pasi suruali. Alisema yote bila kuinua pasi wala macho.

"Wifi, kwa nini?" mdogo wa marehemu aliuliza. "Nusu saa tu! Na picha ya mama yangu je?"

"Ya mama ilishaharibika, isingerudi. Yeye nilitaka aonje. Siku moja tu, nilisema. Halafu ikawa wiki. Halafu nikaona nimezoea."

"Nitaisoma hii. Mbele ya watu wote."

"Soma. Usipunguze kitu."

"Na wewe utasimama wapi?"

"Kando ya jeneza, mahali pa mke," alisema mjane, akaigeuza suruali. "Sitatikisika."

Mdogo wa marehemu aliondoka na pete hiyo, kamera na lenzi moja hadi kwa fundi wa uchochoroni. Haikufika hata nusu saa. Ilikuwa dakika kumi na nane. Fundi aliifunga, akaelekeza lenzi ya marehemu kwenye tangi la maji la ghorofa ya mbali, akapiga picha, akaifungua kwenye kompyuta yake. Kutu kwenye misumari ya ngazi ilionekana. Mdogo wa marehemu alikaa kwenye kigoda cha fundi akalia kwa hasira, na hadi sasa hajui alikuwa anamlilia nani kati ya kaka yake na wifi yake.

Marehemu ameacha mjane mmoja, binti mmoja na mume wake, wajukuu wawili ambao hakuwahi kuwapiga picha, na mdogo wake wa kike. Ameacha pia lenzi nne, zote nzima. Moja kati yake iko leo kwenye kamera ile ile ya mtumba, kwa yule fundi, ambaye amekubali kusimama kule kwenye lango la makaburi, hatua arobaini kutoka hapa. Ameambiwa azungushe hadi mwisho, abonyeze wasifu huu utakapoisha.

Geukeni mmtazame mjane. Amesimama pale alipoahidi, kichwa juu, hajapepesa macho tangu ukurasa wa kwanza. Atatoka vizuri. Na wewe kaka, uliyelala hapo ukiamini macho yalikuacha: duka la vifungo hukulikariri. Ulilisoma.

Apumzike kwa amani. Alikuwa anaona.