Neti Iliyosubiri Ng'ambo: Maisha ya Mwalimu Bertila Teodori (1988–2025)

Gari lilipomaliza kona za mwisho za mteremko wa Lyambalyamfipa, Jumapili ya tarehe 31 Agosti 2025, joto la Muze, kijiji cha bonde la Ziwa Rukwa, liliingia dirishani kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Ndani ya gari walikuwemo ndugu watatu wa marehemu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufika huko. Kaka yake, Abel, amelala katika bandari za nchi nyingi na anazungumza lugha ambazo nyumbani Laela hapati wa kumjibu, lakini bonde hilo lililo chini ya mlango wa kwao alikuwa hajawahi kulikanyaga. Walishuka kufuata sare ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ya Mwalimu Bertila, ili azikwe nayo. Alikuwa ameiacha kwa mwenyeji wake, akisema ataipitia kabla ya safari yake kubwa.

Mwenyeji huyo, Mama Malimi, aliitoa sandukuni ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Aliwakalisha wageni kivulini, naye akaketi chini, kisha akasema jambo lililokuwa limemkaa moyoni tangu apate habari.

"Nilimwambia. Mwalimu, lala kwenye neti, huku siyo kwenu kwenye baridi. Akacheka. 'Neti ninayo, Mama Malimi, mpya kabisa. Ipo kwenye begi Laela, inasubiri ng'ambo.' Nikamwambia, 'Kwa hiyo mbu wa ng'ambo ndio wenye meno, hawa wetu ni vibogoyo?' Akacheka tena."

Mwalimu Bertila alizaliwa Laela tarehe 14 Machi 1988, msimu wa mahindi mabichi, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Teodori Clemens na Mama Stefania. Mzee Teodori, mkulima wa mahindi na ulezi, alitangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Alisoma shule ya msingi Laela kuanzia 1996 hadi 2002, kisha sekondari mjini Sumbawanga, na baada ya hapo chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 2009. Lakini ualimu aliuanza mapema. Alipokuwa darasa la nne, baba yake alirudi shambani akakuta ukuta wa ghala umejaa herufi za mkaa, na watoto wa jirani wamepangwa chini kwa mistari.

"Nani kachafua ghala langu?"

"Baba, hili ni darasa."

Mzee aliutazama ukuta, akawatazama wanafunzi, wengine wakiwa hawana hata kaptula. "Basi andika juu zaidi," alisema, "mbuzi wasije wakafuta."

Aliajiriwa mwaka 2010, na kwa miaka kumi na tano alifundisha darasa la kwanza na la pili katika shule za vijijini Rukwa. Kazi yake aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwapokea watoto waliofika shuleni na Kifipa peke yake mdomoni. Hakuwacheka wala hakuwachapa. Aliwaacha waseme neno kwa lugha ya mama, kisha akawapa ndugu yake wa Kiswahili, kama mtu anayetambulisha wageni wawili wasiojuana. Wapo waliomo katika msiba huu, watu wazima wenye watoto, waliosomea hivyo mikononi mwake.

Tarehe 6 Julai 2013 alifunga ndoa takatifu na Christopha, dereva wa lori la mahindi, na mwaka 2015 Mungu aliwajalia binti, Faith. Christopha alifariki kwa ajali karibu na Tunduma Novemba 2019. Mwalimu Bertila alivaa nguo nyeusi mwaka mzima, kisha akazivua, akarudi darasani na kwenye kwaya. Hakuolewa tena, na waliomshauri aliwajibu kwa upole kwamba gari lake limeshabeba mzigo wake.

Mwaka 2024 alikubaliwa na shirika la walei la kimisionari kwenda kufundisha kwa miezi sita katika shule ya masista huko Papua Nyugini, pwani, mahali ambapo watoto nao huingia darasani kila mmoja na lugha ya nyumbani kwake. Walimhitaji mwalimu anayeijua hali hiyo. Furaha yake haikuwa na kifani. Kitu kimoja tu kilimzuia kulala, nacho kilikuwa unga.

Katika nyumba ile, anayesafiri mbali haondoki mpaka Mama Stefania achote unga kidogo wa ulezi, ampake kwenye paji la uso, na kumwambia kwa Kifipa maneno mawili: nenda, urudi. Abel alipakwa kila alipoondoka, na ameondoka mara nyingi. Bertila alipoomba apakwe, mama alikataa.

"Mtangatangaji mmoja anatosha nyumba moja," alisema. "Kaka yako huyo anatosha. Na Faith baba hana. Unataka na mama amkose?"

"Ni miezi sita tu, mama. Machi nimerudi."

"Na ukifia huko? Nitakulilia nimeelekea upande gani?"

Mama alikuwa akipepeta ulezi, na ungo haukusimama. Kisha binti akasema, "Mama, wale mapadre wa zamani wa Kizungu waliozikwa huku kwetu, nao walikuwa na mama zao."

Ungo ukasimama. Siku ya tatu mama alimwita binti jikoni. "Unga nimeshausaga. Nitakupaka siku ya basi. Siyo kabla."

Basi lilikuwa la tarehe 11 Septemba. Mwalimu alianza maandalizi kwa moyo wote. Abel, aliyewahi kufanya kazi nchi ile, alimfundisha lugha ya huko kwa simu kila jioni, naye aliifanyia mazoezi popote. Aliingia stendi ya Laela asubuhi akawasalimia wauza karanga, "Moning olgeta!", yaani habari za asubuhi nyote, akipiga makofi ya taratibu na kukunja magoti kwa adabu ya Kifipa. Baada ya wiki moja stendi nzima ilikuwa inamjibu. Kijana mmoja wa bodaboda alimuuliza, "Ticha, huko nao wanapiga magoti?" Akasema, "Nikifika, watapiga."

Begi lake alilipanga mapema. Humo aliweka chaki, vitabu vya picha, Biblia, na neti mpya aliyoelekezwa na shirika kuwa nayo. Huku juu kwenye baridi neti si desturi. Wengi wetu tumekua bila kuitundika. Aliiweka kama mtu anavyoweka nguo ya Krismasi, isiguswe kabla ya siku yake.

Alikuwa ameambiwa pia kwamba shule ipo kwenye joto la usiku na mchana. Akasema Mfipa hawezi kutoka Laela na sweta lake akatua pwani akaanza kufundisha siku hiyo hiyo; ni lazima mwili uonjeshwe kwanza. Ndipo Julai 28 alipoteremka Muze kuzoea joto, na huko akafungua darasa la kusoma kwa watoto wa wafugaji na wakulima wa bondeni. Mama Malimi anasema alitoka jasho wiki ya kwanza kama mkaanga samaki, wiki ya pili akaanza kuimba, na wiki ya tatu alikuwa anakimbizana na watoto mchana wa jua kali.

Agosti 22 alipanda kurudi. Alipitia Sumbawanga mjini kuchanjwa homa ya manjano na kinga nyingine za safari, na akaambiwa, kama wanavyoambiwa wote, kwamba mwili unaweza kuchemka kidogo kwa siku chache. Jumatatu ya Agosti 25 mwili ulichemka.

"Ni sindano," alisema yeye mwenyewe. "Itapita."

Ni sindano, ilisema nyumba nzima. Alipotetemeka, aliongezewa blanketi, kwa maana Agosti Laela nani hatetemeki? Mama alimwekea jiko la mkaa chumbani na kumpa uji wa ulezi. Jumatano uji haukukaa tumboni. Nayo ilikuwa sindano.

Alhamisi jioni alianza kusema peke yake kwa lugha ya ng'ambo. Faith alimsikia, akacheka, akamjibu mlangoni kama alivyofundishwa: "Moning olgeta!" Bibi akamkemea. "Muache mama yako asome." Abel alipopiga simu kama kawaida, akiwa njiani kuja kumuaga dada yake, Mama Stefania alisogeza simu kitandani kwa fahari, ili kaka mtu asikie jinsi mwanafunzi wake anavyosoma.

Abel alisikiliza kidogo tu. "Mama, hasomi," alisema. "Maneno hayo hayana kichwa wala miguu. Tafuteni gari."

Gari lilipatikana, na usiku huo alifikishwa hospitali Sumbawanga akiwa hajitambui. Muuguzi aliuliza ametoka wapi karibuni. Mama alisema amechanjwa. "Kabla ya kuchanjwa, mama yangu, alikuwa wapi?" Muze. "Alikuwa analala kwenye neti?" Muuguzi akachukua damu kupima. Ilikuwa malaria, na ilikuwa imeshapanda kichwani. Alipewa dawa na kila huduma iliyowezekana. Mwalimu Bertila Teodori alifariki dunia alfajiri ya Jumamosi, tarehe 30 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba.

Begi lilifunguliwa siku hiyo. Neti ilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki. Ndugu walishuka nayo Muze kumpa Mama Malimi, lakini aliisukuma kwa mikono miwili. "Mtundikieni Faith," alisema. Imetundikwa. Kwa sasa, katika baridi yote hii, kitanda cha Faith ndicho pekee chenye neti katika nyumba ile.

Marehemu ameacha mama yake Stefania, binti yake Faith, kaka yake Abel, wakwe na ndugu wa upande wa hayati Christopha, wanajumuiya na wanakwaya wenzake, na wanafunzi wa Laela, wa vijijini, na wa Muze, ambao Jumapili walikuwa bado hawajafuta alichoandika ubaoni.

Leo asubuhi, Jumanne tarehe 2 Septemba, kabla jeneza halijafungwa, Mama Stefania aliomba apishwe. Alikuja na kibakuli cha unga aliokuwa ameusaga kwa ajili ya siku ya basi. Alimpaka binti yake kwenye paji la uso, polepole, akasema neno la kwanza: nenda. Waliosimama karibu walisubiri la pili. Mama alifunika kibakuli.

Katika nyumba ile Abel ndiye aliyekuwa akiondoka siku zote, na Bertila ndiye aliyebaki kumshika mama mkono. Leo ni zamu ya Abel kubaki.

Nenda, Mwalimu. Amani uliyotaka kuwapelekea watoto wa mbali, ikulaze wewe kwanza.